Barua ya wazi kwa wanaosimamia Changuu: wekeni kikomo cha watu kwanza, majengo baadae

Assalaam alaykum wakubwa zetu,

Nakuandikieni nyinyi mnaosimamia kisiwa cha Changuu, wenye mihuri na wenye mikataba, sitataja ofisi wala jina la mtu kwa sababu sitaki hii barua iishie kwenye ugomvi wa fulani kamsema fulani, nataka tuzungumze kisiwa. Mimi ni mtembeza wageni. Nawapokea wageni Forodhani au pale Mtini, tunapanda boti tunavuka, kilomita tano na kitu tu kutoka Mji Mkongwe, bahari ikiwa shwari nusu saa haifiki tushashuka. Kwa hiyo haya nitakayoyaomba yananiuma mimi mfukoni kabla hayajamuuma mwengine yeyote, na naomba mliweke hilo akilini, maana najua mtu akisema tu wageni wapunguzwe jibu linakuwa huyo hana shida ya pesa. Shida ninayo, tena nyingi.

Ombi ni moja. Wekeni kikomo cha watu wanaokuwepo kisiwani kwa wakati mmoja, kifuatwe kweli kweli, halafu ndo tuzungumze kujenga chochote pale. Mengine yote humu yanatokana na hilo.

Kisiwa chenyewe mnakijua, urefu mita 800 hivi, na pale kilipopanuka zaidi ni mita 230. Basi. Ndani ya hapo mna banda la kobe, mna gereza la zamani, mna nyumba ya yule Mathews wa zama za Sultani, kuna tausi wanajipitia, kuna msitu mdogo, ufukwe, na watu wanaotaka kula. Sasa wakati wa msimu, Julai Agosti au ile Disemba Januari, njooni siku moja bila msafara bila kutoa taarifa, asubuhi kama saa tatu unusu hivi. Mtaona boti zimepangana pwani mpaka ya kwetu inakosa pa kushushia watu, wageni wanashuka na maji ya mapajani mikoba kichwani, na kule bandani wakati huo huo vikundi vitano vimemzunguka kobe mmoja, kila mtembezaji anapaza sauti kwa lugha yake, huyu Kitaliano huyu Kifaransa huyu Kiingereza, na kobe kichwa kakirudisha ndani ya gamba. Mimi nimo humo humo na sauti yangu.

Kwa nini wote tunafika saa ile ile? Watu wanadhani ni ukaidi wa watembezaji, jawabu lenyewe lipo kwenye maji. Safari nyingi siku hizi zinauzwa mbili kwa moja, Changuu na lile fungu la mchanga la Nakupenda, na fungu halionekani mpaka maji yakupwe. Siku za bamvua, yale maji makubwa, yanakauka kwenye saa nne asubuhi, basi kila nahodha anapiga hesabu ile ile, awafikishe wageni kwa kobe mapema, awakimbize, awahi fungu kabla maji hayajarudi. Siku za maji mafu, yanapopwa kidogo tu, hesabu nyengine lakini msongamano ule ule kwa sababu hesabu bado ni moja kwa wote. Yaani ratiba ya kisiwa chenu inapangwa na fungu la mchanga, nyinyi wenyewe hamna ratiba. Hapa pesa nyingi haitakiwi, inatakiwa meza moja, kalenda ya maji ambayo kila mvuvi anayo kichwani, na mtu mwenye mamlaka ya kusema boti hizi zinaanza fungu zinamalizia Changuu, na hizi kinyume chake, na nyengine ziende jioni, kwani kobe jioni wanaondoka? Jioni ndo wanatoka kivulini wanatembea, mchana jua kali wamelala chini ya miti, mgeni kalipa kuja kuangalia jiwe.

Sasa kwa nini nimeng'ang'ania kikomo, wakati wengine wangekuombeni choo au gati mpya (na choo pia kinatakiwa, sikatai). Kwa sababu hichi kisiwa kishawahi kuponyoka mikononi mwetu mara moja na historia yake haifichiki. Mwaka 1919 gavana wa Kiingereza wa Ushelisheli alileta zawadi ya kobe wanne wakubwa wa Aldabra, visiwa vya huko huko Ushelisheli. Wanne tu. Wakazaana vizuri, mwaka 1955 wakafika kama 200. Kisha watu wakaanza kuwaiba, wengine wanauzwa nje kwa matajiri wanaofuga, wengine wanaliwa. 1988 wamebaki kama 100, 1990 hamsini, 1996 wakahesabiwa saba. Saba, jamani, kutoka mia mbili. Na mwaka huo huo vitoto 80 vikahamishwa vikaletwa Unguja ili viwe salama, 40 vikapotea huku huku tulikovileta kwenye usalama. Baada ya hapo ndo serikali kwa kushirikiana na shirika la kimataifa la kulinda wanyama wakajenga lile banda kubwa, likawekwa ulinzi, na kobe wakarudi kuongezeka. Kwa hiyo tunajua dawa inafanya kazi, uzio na mlinzi na mtu anayehesabu. Ila dawa ile ilikuwa ya mwizi wa usiku. Siku hizi tatizo linakuja mchana, limelipa kiingilio, limevaa kofia, na mimi ndo nimelileta.

Mtu akisikia hivi anasema kwani mgeni anamfanya nini kobe, mnyama wa kilo mia mbili na zaidi yule, gamba kama lile. Ngoja nikueleze. Gamba ni mfupa wa mwili wake, limeshikana na mbavu na uti wa mgongo, lina mishipa ya fahamu, ukiligusa anajua. Mtu mzima akimkalia apigwe picha kobe anasikia uzito wote ule, na wapo wanaokaa, mlinzi akigeuka tu, na watoto wanapandishwa na wazazi wao. Kobe wanalishwa majani mikono ishirini kwa mpigo kutwa nzima, wakati tumbo la kobe limeumbwa kwa nyasi ngumu na majani makavu makavu, polepole, sio mchicha tangu asubuhi mpaka alasiri. Vitoto ndo kabisa, wanabebwa kupitishwa mkono kwa mkono na vidole vyenye mafuta ya jua. Halafu yule yule mgeni anakwenda kula bila kunawa, na kobe kama wanyama wengine wa aina yake anaweza kubeba vijidudu vya kuharisha, mtoto mdogo akiugua hotelini usiku nani atakumbuka kwamba alimshika kobe.

Na kuna kitu kizuri tunakikosa kwa haraka hii. Kobe wa Aldabra ukimkuna shingoni taratibu, mtu mmoja, kimya, anainuka kwa miguu yote minne ananyoosha shingo juu kabisa anaganda hivyo, kwao kule Aldabra anawafanyia hivyo ndege wanaokuja kumdonoa wadudu. Mgeni akikiona hicho anasahau simu. Ila kobe hafanyi hivyo katikati ya watu arobaini wanaopiga kelele, anafanya akiwa ametulia. Ndo maana nasema kikomo sio kumnyima mgeni, mgeni ndo anapata alichokilipia.

Halafu ile namba ya rangi ya bluu iliyoandikwa mgongoni, miaka ya kobe. Kila mgeni anaipiga picha. Mimi naombeni ile ifutwe, au kama lazima ibaki basi iandikwe wazi kwamba ni makadirio, maana wenyewe tunajua umri wa kobe mkubwa hausomeki gambani, ni mpaka uwe na karatasi ya siku alipozaliwa, na mgeni anayejua mambo ya wanyama akiona 190 anatabasamu tu. Badala yake anzisheni daftari. Kila kobe na namba yake, kipimo chake, alizaliwa hapa au la, alipimwa lini, na kila robo mwaka hesabu ibandikwe gatini, tulio nao wangapi, waliozaliwa wangapi, waliokufa wangapi. Kisiwa kilichowahi kupoteza vitoto 40 kwa mkupuo kinadaiwa hesabu ya hadharani.

Chini ya maji nako. Boti zikijaa kila mmoja anatupa nanga anapopata, na pale pembeni kuna matumbawe, nanga moja ikiburuzwa inavunja kitu kilichochukua miaka na miaka kuota. Maboya ya kufungia boti hayana gharama ya kutisha, fungeni idadi ya maboya sawa na idadi ya boti mnazozitaka, na hapo hapo kikomo kimeshajiweka chenyewe bila kelele, boya limejaa, subiri au anza fungu. Nahodha anaelewa boya kuliko bango.

Sasa majengo. Hapa nitakaa kidogo mnivumilie. Mathews, huyu alikuwa waziri wa kwanza wa serikali ya Sultani, alikichukua kisiwa 1893 ili lijengwe gereza, likamalizika 1894, na gereza lile halikuwahi kuweka mfungwa hata mmoja. Wakati ule kulikuwa na hofu ya maradhi yanayokuja na meli, basi pakageuzwa karantini, watu wa kwenye meli wanashushwa pale wanawekwa mpaka ionekane wazima ndo wavushwe mjini. Kabla ya hapo, miaka ya 1860, pamewahi kutumiwa kuweka watumwa wanaohesabiwa wakaidi kabla hawajauzwa. Haya yote ni makubwa, yanatosha. Lakini nendeni mkasikilize tunavyowaambia wageni! Ukuta ule ule mmoja, kikundi cha kwanza wanaambiwa hapa palikuwa na wafungwa mia tano, cha pili wanaambiwa hapa watu walinyongwa, mtembezaji anaongeza chumvi kwa sababu hakuna kitu cha maana ukutani cha kumsuta, na chumvi inalipa bakshishi. Mimi nasema karantini ndo hadithi kali kuliko zote hasa baada ya korona, mgeni gani leo haelewi kufungiwa siku kumi na nne? Ukimwambia msafiri wa zamani zile alikaa hapa anaitazama Unguja ile pale, anaiona, haruhusiwi kuvuka, mtu ananyamaza. Andikeni vibao vizuri, Kiswahili kwanza kwa herufi kubwa, kisha lugha nyengine, na watembezaji tupewe mafunzo na mtihani, anayefeli asiongoze. Nitakuwa wa kwanza kukaa kwenye mtihani.

Na kuta zenyewe. Sisi wa Mji Mkongwe hatuhitaji kuhadithiwa jengo la zamani linavyokufa, tarehe 25 Disemba 2020 Beit al Ajaib iliporomoka upande mzima mbele ya macho yetu na watu wakapoteza maisha, jengo la 1883, la fahari kuliko yote. Nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa zina tabia yake, zinapumua, zinaingia unyevu na kuutoa, ukija ukazipaka saruji kwa sababu ndo iliyopo dukani unaufungia unyevu na chumvi ndani, jiwe linaoza kimya kimya nyuma ya plasta inayong'aa. Na kisiwa kile upepo wa bahari unakipiga pande zote mwaka mzima. Kwa hiyo mkisikia mtu anakuja na mpango wa ukarabati muulizeni swali moja tu, chokaa au saruji. Mafundi chokaa wapo bado mjini, wengine wazee, wapeni vijana wa kuwafundisha pale pale kisiwani, wageni waione kazi ikifanyika, mbona wanapenda.

Najua mtasema maneno matamu, mfano uko wapi. Mfano uko kusini yetu hapo, Chumbe, ambacho hata hatuhitaji pasipoti. Kisiwa kidogo kama chetu, kina mnara wa taa wa 1904, kina msikiti wa walinzi wa mnara, na mwaka 1994 pakatangazwa hifadhi. Walinzi wa matumbawe pale wengi ni waliokuwa wavuvi wenyewe, hawakufukuzwa, walifundishwa, na nani anamjua mvuvi kuliko mvuvi. Panya walimalizwa 1997, wote, ili ndege na kaa wa nazi wakae kwa amani. Maji ni ya mvua, vyoo havimwagi baharini, vibanda vya kulala saba tu na wageni wachache kwa siku, na watoto wa skuli wanapelekwa kusoma matumbawe. Naomba nisieleweke vibaya, Chumbe ni ghali, mtu wa kawaida wa Ng'ambo, mitaa ya nje ya Mji Mkongwe, hafiki pale kama mgeni wa kulala, na mimi sitaki Changuu iwe ya matajiri. Nachotaka tuige ni mpangilio, bei ibaki ya kwetu. Kikomo sio lazima kiwe bei, kinaweza kuwa saa.

Nje ya hapa, Morisi kuna Île aux Aigrettes, hekta 26 tu, hifadhi tangu 1965, huingii bila kiongozi, na kobe hawa hawa wa Aldabra wamepelekwa kule wafanye kazi ya kula matunda na kusambaza mbegu za msitu wa asili, yaani kobe wao ni bustani, wetu ni stuli. Na Ushelisheli kule kobe walikotokea kuna kisiwa cha Moyenne, Mwingereza mmoja Brendon Grimshaw, aliyekuwa mhariri wa magazeti huku kwetu Afrika Mashariki, alikinunua mwaka 1962, akakaa na mwenzake mwenyeji René Lafortune wakapanda miti maelfu kwa mikono, wakaweka kobe, matajiri wakaja wanataka kununua akakataa, mpaka pakawa hifadhi ya taifa. Watu wawili tu! Sisi serikali nzima na mji mzima.

Tunakuja kwenye pesa, maana bila hili barua haijakamilika. Kiingilio kinakusanywa, kila siku, kwa fedha ya kigeni. Naomba tu tujue sehemu gani ya kila kiingilio inabaki kisiwani, kwa chakula cha kobe, kwa mshahara wa walinzi, kwa chokaa. Sisemi imeliwa, sina ushahidi na wala sio nia yangu. Nasema ibandikwe pale pale gatini pembeni ya hesabu ya kobe, mwezi kwa mwezi, mgeni asome, nahodha asome, mlinzi anayelala kule usiku asome aone kazi yake ina thamani gani. Hili liwekwe pia kwenye mkataba wowote wa mwekezaji, maana tunasikia na kuona visiwa vidogo vinakodishwa kimoja baada ya chengine na sipingi uwekezaji, hoteli zinaajiri ndugu zetu, ila mwekezaji akipewa gereza na kobe bila kikomo kilichoandikwa atafanya anachofanya mfanyabiashara yeyote, atajaza. Mtu hawezi kulaumiwa kwa kutofuata sharti ambalo hakuandikiwa.

Na wenyeji je? Mwalimu mmoja wa skuli ya shamba alinambia wanafunzi wake wanaiona Changuu kwenye kalenda. Kwenye kalenda ya ukutani! Kisiwa kinaonekana kwa macho ukisimama Forodhani. Tengeni siku moja katikati ya wiki wakati wa msimu mdogo, watoto wa skuli bure, boti tutajitolea, nimeshaongea na manahodha watatu na wamekubali bila kubishana, wanataka mafuta tu.

Hofu ya wenzangu naijua, wakipunguza watu mimi nakula nini. Hesabu yangu mimi ni hii. Leo mgeni anakaa kisiwani dakika arobaini, anakimbizwa, bakshishi kidogo, anaandika mtandaoni kwamba palikuwa na watu wengi na wanyama wanasumbuliwa, na rafiki yake haji. Akikaa saa mbili na nusu, kakuta kikundi chake peke yake, kasikia habari ya karantini, kaona kobe akinyoosha shingo, huyo analipa bei ya juu kidogo bila kunung'unika na kula anakula hapo hapo. Boti inayolipwa kwa safari hailipwi kwa wingi wa vichwa. Watakaopoteza ni wale wanaobeba thelathini kwenye boti ya kumi na mbili, na hao, tuseme ukweli, siku moja upepo wa kusi utawafanyia kitu ambacho hatutaki kukisoma.

Masika ndo wakati wa kuanza. Machi mpaka Mei wageni wachache, boti nyingi zimepandishwa pwani zinapakwa rangi, mabaharia wako mjini hawana safari. Fungeni maboya wakati huo, toeni ratiba ya maji ya miezi sita mbele, ikifika Julai sote tumeshazoea. Na kabla ya kutoa tangazo lolote tuiteni, manahodha, watembezaji, walinzi, wapishi wa pale kisiwani, kina mama wanaouza vitu, tukae Forodhani siku yoyote baada ya sala ya alasiri kabla meza za urojo hazijapangwa. Idadi yenyewe ya watu kwa saa sitaitaja humu, hiyo tuibishanie pale, mje na mtu wa wanyama anayejua kobe na mje na mtu wa majengo. Sisi tutakuja na kalenda ya maji.

Wenu katika kazi,
Mtembeza wageni, Mjini Unguja